Sindano ya Gari

Nehemia, rafiki yangu,

Nimechoka. Naanza na hilo usije ukadhani nimekaa kukuandikia kwa sababu nina maneno mazuri. Ni Jumapili, gereji imefungwa, wenzangu wa dini yako wako kanisani na wa dini yangu wamekwenda harusini mtaa wa nyuma, ngoma zinasikika mpaka hapa Chang'ombe yetu ya Ugogoni penye mafuta machafu. Mimi nimekaa juu ya tairi la lori, naandika nyuma ya karatasi za kalenda ya mwaka jana. Ningekuja kaburini nikuambie kwa mdomo kama tulivyozoea, lakini Mkonze siruhusiwi tena kukanyaga. Mama yako amenipiga marufuku. Kwa nini, ndiyo habari yenyewe.

Umetutoka mwaka na miezi minne sasa. Sitazungusha maneno: ile ahadi uliyonifunga nayo pale wodini nimeivunja. Nimesema. Nimemwambia mkeo, nimemwambia mama yako, wamesikia na ndugu zako waliokuwa wamekaa uani siku hiyo. Kama umekasirika, kasirika. Ila nisikilize kwanza, maana ulipokuwa hai hukuwa msikilizaji, kazi yako ilikuwa kupiga honi nje ya gereji na kutaka kila kitu kiwe tayari jana.

Mji huu ungekushangaza. Kila kona kuna kibanda cha simu za mkononi, hata muuza mchicha anayo moja kiunoni, haina salio lakini anayo. Lami inasogea upande wa Manyoni kidogo kidogo, siku moja nayo itafika. Tajiri wako ameuza lori moja akanunua mabasi mawili yaliyochoka, nami ndiye ninayeyatengeneza. Ile yadi yetu ya zamani, ya kampuni ya usafirishaji ya umma tulikokutana wewe dereva na mimi fundi, wamegawana viwanja. Pale palipokuwa shimo la kukagulia magari kuna mtu amejenga baa.

Nakumbuka siku tuliyopunguzwa kazini, tumepanga foleni na bahasha mkononi, wewe ukasema kwa sauti, "Basi Hamisi, kawafundishe ng'ombe wenu Kisandawe, huku hakuna kazi tena." Ulipenda kuicheka lugha ya mama yangu. Ulisema nikiongea na ndugu zangu waliotoka Kondoa unasikia gari linalokataa kuwaka asubuhi. Nami nikakujibu kwamba nyie Wagogo mnaongea kama gari lililokwisha breki. Tulicheka mpaka yule karani wa bahasha akatukaripia. Sikujua kama siku ile ndiyo ningeitamani leo, siku ya kufukuzwa kazi.

Mimi nikafungua gereji hii ya mabati manne. Wewe ukalima uwele na zabibu miaka miwili, ukakonda kwa kukosa usukani kuliko kwa kukosa chakula, mpaka tajiri alipokupa lori la kwenda mpakani kule Ngara. Dereva aliyekutangulia alikuwa amekufa. Kwa kifua, walisema. Wakati ule kila mtu alikuwa anakufa kwa kifua.

Sasa niseme lile ambalo wote walilijua. Ulikuwa mwaminifu. Madereva walikuita Mchungaji, wengine kwa kukucheka, wengine kwa kukuheshimu. Wenzako walikuwa na nyumba tatu tatu njiani, wewe ulilala ndani ya lori ukijifunika turubai. Walipokuja wale watu wa semina za ukimwi na mabango yao na maboksi ya kondomu, ukawarudishia boksi ukisema, "Hii mpe mwenye kazi nayo, mimi ninaye Sechelela." Na ilikuwa kweli. Ukirudi ulipita kwanza hapa, unanawa uso kwenye pipa langu, unajitazama kwenye kioo cha pembeni cha gari la mtu, halafu unakwenda kwa mkeo kula mlenda kama bwana harusi. Nilikuonea wivu, nikiri leo.

Wale wa semina walizungumza wanawake, wanawake, wanawake. Walitaja nyembe na sindano pia, nakumbuka vizuri, lakini sisi tulidhani wanawasema waganga wa vijijini. Akili zetu hazikwenda kabisa kwenye lile kopo.

Mara ya kwanza nililikuta nikitafuta spana namba kumi na tisa kwenye sanduku la vifaa vya lori lako. Kopo la mafuta ya kupikia, ndani kitambaa cha kaniki, ndani ya kitambaa bomba la sindano na kijiko kilichoungua. Nikakuuliza ni ya nini. Hukushtuka hata kidogo. Ukasema, "Ya gari hiyo. Nimeikuta." Kama vile jeki. Kama vile kamba na turubai. Ukanieleza kwamba kule mpakani lori linakaa siku saba, siku kumi, karatasi hazijagongwa muhuri, mvua, baridi, mgongo unauma mpaka unalia, na utingo wako, yule msaidizi uliyemkuta na lori, alikufundisha dawa ya mgongo. Unga ulishuka na malori kutoka pwani. Mwanzo mlivuta. Baadaye mkaona ukiuvuta nusu unakwenda na upepo.

Na mlikuwa na sheria yenu, uliniambia kwa fahari. Sindano ya gari haitoki nje ya gari. Dereva na utingo wake, basi. Mtu wa lori jingine akiomba, hapewi, hata awe ndugu yako. Ukasema ni kama ndoa, gari moja, sindano moja. Na kila safari mliisuuza kwa petroli, maana petroli, kila dereva anajua, inaua kila kitu. Mimi nikatikisa kichwa nikakubali! Fundi mzima. Nami nanawa vidonda vyangu kwa petroli mpaka leo, basi ningebisha nini? Hakuna kati yetu aliyeuliza utingo huyo alikuwa na nani kabla yako. Alikuwa na dereva aliyekufa kwa kifua. Sindano ilikaa ndani ya lori miaka yote, waliokuwa wanabadilika ni sisi.

Ningeishia hapo ningekuwa shahidi tu. Lakini ulinipa ile sindano ukasema imekuwa butu, inakuumiza, nikunolee. Nikanoa. Nilichukua msasa wa maji, ule laini wa kumalizia, nikaikalisha kwenye kidole nikainoa polepole kama ninavyonoa patasi, nikaijaribu kwenye ukucha, nikakurudishia. Ulinisifu. Mara nne, Nehemia. Mara nne nilichukua kifo cha watu nikakipa makali, nikakifunga kwenye kaniki, nikarudisha kopo mahali pake kati ya jeki na spana.

Halafu ile safari. Giaboksi ilikufia mpakani, ukatuma salamu kwa dereva mwenzako, nikapanda malori ya watu na gia zako kwenye gunia, Singida, Sekenke, Nzega, Kahama, siku nne mgongo wangu ukawa si wangu. Nilifungua, nikafunga, gari likapona, karatasi bado. Siku tisa tulikaa pale tukitazama milima ya watu wengine. Siku ya sita ukanitazama jinsi ninavyoinama ukasema, "Hamisi, wewe sasa ni mtu wa gari hili." Nilifurahi kuambiwa hivyo. Nilitoa mkono. Nilihisi kama mtu aliyefunikwa blanketi na mama yake, baadaye nikatapika mpaka nyongo. Kesho yake nikarudia. Mara ya tatu sikufika, si kwa ushujaa, ni tumbo langu tu lililokataa.

Mengine unayajua wewe kuliko mimi. Unga uligeuka kutoka dawa ya mgongo ukawa tajiri wako wa pili. Ukawa unatetemeka na kutoka makamasi usipoupata, unamwambia Sechelela ni malaria ya njiani, naye maskini anakuchemshia mwarobaini. Ukanyang'anywa lori. Ukaacha, hilo nakupa heshima yake, uliacha ukiwa umefungiwa chumbani kwangu siku kumi na moja huku mke wangu Zaituni akidhani una homa ya matumbo. Lakini ulipoacha, ugonjwa ulikuwa umekwishakaa.

Pale wodini ulinishika mkono. Mkono wako ulikuwa mwepesi, nilidhani nimeshika fimbo. Ulisema, "Waseme kifua, waseme ukimwi, waseme wanavyotaka. Lakini wasiseme teja. Usimwambie mama. Usimwambie Sechelela." Nikakuahidi. Nikakuapia kwa Mungu wangu na wako. Na hesabu moja ndogo, hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeipiga, hatukuipiga wote wawili: kama ni ukimwi, na kama Nehemia hakugusa mwanamke, basi ugonjwa umeletwa na nani ndani ya nyumba ile?

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wewe kilio hakikukufichua. Kilimfichua mkeo, tena kwa uongo.

Walioanza ni madereva wenzako, bila nia mbaya. Walisimama mmoja mmoja pale kaburini wakisema Mchungaji hakuwa na doa, tulisafiri naye miaka, hakuwahi kushika mkono wa mwanamke. Halafu wakaniita mimi, rafiki wa marehemu. Nikasimama nikasema kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilisema, "Kama kuna mume aliyerudi nyumbani alivyoondoka, ni huyu." Watu wakalia. Nami nikalia kwa uzuri wa maneno yangu. Mama yako hakulia. Alikuwa anamtazama Sechelela.

Matanga hayajaisha, maneno yakawa yamekwishazunguka Mkonze yote. Mume yuko safarini wiki tatu, mke yuko nyumbani na nani? Muuza mkaa aliyekuwa anapita pale alitajwa, mwalimu wa kwaya alitajwa, hata yule kipofu wa mtaa wa juu nasikia alitajwa. Siku ya kugawa vitu vyako Sechelela hakupewa kitu, si kitanda, si shamba la zabibu alilolipalilia yeye. Hayo angeyavumilia. Kilichomvunja ni Enoki. Mama yako alisema mjukuu wake anabaki, mwanamke aliyeua mume hawezi kuachiwa mtoto. Enoki alikuwa na miaka sita. Walimwondoa Sechelela na mfuko mmoja wa nguo, akaenda kwa kaka yake Miyuji.

Alikuja hapa gereji baada ya miezi miwili. Nilikuwa chini ya basi, nikaona miguu yake tu, kandambili mbili zisizofanana. Nikatoka. Hakukaa. Aliniambia, "Shemeji, wewe ulikwenda naye mpakani. Niambie kama alikuwa na mwanamke huko. Sitamchukia, nimekwishamlilia. Nataka tu mwanangu." Nikajipangusa mikono muda mrefu. Halafu nikamwambia, "Hapana, shemeji. Hakuwa na mwanamke."

Ilikuwa kweli tupu, na kwa kweli ile nilimzika mara ya pili. Aliitikia kwa kichwa, akasema asante, akaondoka. Nilirudi chini ya basi nikalala pale chali bila kushika kitu, nikiwa nimetunza ahadi yako. Nilikuchukia siku ile, Nehemia. Nilikuchukia nikilitaja jina lako.

Mungu hana haraka, lakini anafika. Kabla ya mwezi wa Ramadhani ulinitoka mkanda wa jeshi, malengelenge kuanzia mgongoni mpaka kifuani upande mmoja, unaungua kama nimeegemea bomba la moshi. Daktari alinitazama tu, akaniuliza kama niko tayari kupima. Nilikuwa tayari siku nyingi, ila sikuwa nimejiambia. Nilimwambia Zaituni jioni ile ile, nikiwa nimesimama mlangoni ili akinifukuza niwe nimekwishatoka. Hakunifukuza. Alipima, hana, alhamdulillahi. Wiki tatu hakunisemesha, ananiwekea chakula anaondoka. Wiki ya nne akaniuliza kama mchele umeisha au haujaisha, nikajua nimebaki na mke.

Sasa kuna dawa, hizi za kurefusha maisha. Wameanza kuzitoa bure, wachache wachache, kwa foleni. Zingekukuta kama ungesubiri kidogo. Usinijibu, najua usingeweza kusubiri, lakini nikivimeza vile vidonge asubuhi nakukasirikia kidogo kila siku.

Nilikuwa kwenye benchi la kliniki, siku yangu ya pili, kadi mkononi, nimeinamisha kofia. Mtu akaketi pembeni yangu. Nikaziona zile kandambili.

Hakushangaa kuniona, au alikuwa amechoka sana kushangaa. Alitazama kadi yangu, akatazama yake. Akaniuliza kwa upole, "Na wewe shemeji, umeupata wapi?" Hapo ahadi yako ikanitoka mdomoni yote, Nehemia, kuanzia kopo mpaka kaniki mpaka petroli. Mbele yetu kulikuwa na watu kumi na wawili, nimeongea mpaka wakabaki wanne. Nilimwambia umeugua kwa sindano, na mimi kwa sindano ile ile, na yeye kwa uaminifu wako. Hakulia. Aliuliza, "Na wewe ndiye uliyekuwa unainoa?" Nikasema ni mimi. "Mara ngapi?" Nikasema mara nne. Akachukua mfuko wake akauweka katikati yetu kwenye benchi.

Kisha akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo nikifunga nati. "Mimi kuniambia hakunirudishii mtoto. Haya utayasema Mkonze, kwa mdomo wako huo huo uliompamba nao pale kaburini. Na useme mbele ya mama."

Tulikwenda Jumamosi, mimi, yeye na kaka yake. Baba yako mdogo Mika alikuwa kwenye kigoda uani, mama yako anapepeta uwele. Nikampa mama shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Wakatuletea viti, mkeo akakaa chini. Nikasema. Sikuongeza wala sikupunguza. Nilipofika kwenye neno sindano ungo ulisimama, na nilipofika kwenye neno unga mama yako akanyanyuka. Akasema, "Marehemu hasemwi. Unakuja nyumbani kwangu kumwita mwanangu teja, amekwishaoza, hawezi kukujibu?" Mzee Mika akamtuliza, akanigeukia. Akaniuliza kwa ile sauti yake ya barazani kama nina ushahidi, au nimehongwa na mwanamke huyu, au pengine mimi mwenyewe ndiye huyo mtu waliyekuwa wanamtafuta siku zote.

Ona mahali uliponifikisha.

Ushahidi sikuwa nao. Nikavua shati. Mbele ya ndugu zako, mbele ya watoto waliokuwa wanachungulia, nikageuka wakaona lile kovu linalonizunguka ubavu, jeusi, bichi bado. Nikatoa kadi ya kliniki nikampa mzee. Nikamwambia, "Baba, mtu anaweza kumsingizia marehemu. Hawezi kujisingizia ugonjwa huu. Mimi na Nehemia tulitumia sindano moja mpakani, na sindano hiyo niliinoa kwa mikono hii. Mke wangu amepimwa, mzima. Huyu mama hakumletea mumewe kitu. Ameletewa."

Mzee Mika alisoma ile kadi juu mpaka chini, kisha akaisoma tena, naye nadhani hajui kusoma Kiingereza kilichokuwamo. Akanirudishia kwa mikono miwili. Mama yako aliingia ndani. Nikasema basi, tumefukuzwa. Alikaa huko muda. Alipotoka alikuwa amemshika Enoki mkono, kamvalisha viatu vya shule na siku ile haikuwa ya shule, na kwapani kabeba mfuko wa nguo na kibuyu cha maziwa. Kibuyu kilikuwa kinamwagika kwenye kanga yake, wala haoni. Akamsukuma mtoto mbele, akasema, "Mchukue mwanao." Hakumwomba mkeo msamaha. Alisema hivyo tu. Halafu akanitazama mimi kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaniambia nisikanyage tena pale, wala nyumbani wala kaburini, kwa maana nimemuua mwanawe mara mbili. Sikubisha. Nikavaa shati langu, nikatangulia kutoka.

Utataka kujua kuhusu lori. Nililitafuta. Lilikuja hapa gereji, sasa ni la tajiri mwingine, na dereva wake kijana mchangamfu wa Singida, nikalikagua breki, na nilipofungua sanduku la vifaa, kopo lilikuwepo. Kaniki nyingine, bomba jingine, kopo lile lile. Nililiweka sakafuni nikalipiga nyundo mpaka likawa bapa. Kijana akanitolea macho, "Mzee, umeharibu mali ya gari!" Nikamweleza yote, nikamwonyesha ubavu wangu. Akacheka kwa woga. Siku hizi analipeleka gereji nyingine. Lakini utingo wake alirudi peke yake wiki iliyopita, akaniuliza kliniki iko upande gani, nikafunga kazi nikampeleka. Huyo ni mmoja. Malori ni mengi, nami sina nguvu ya zamani.

Sechelela anaendelea. Amenenepa kidogo mashavuni, ameanza kuuza maandazi pale Miyuji. Tunakutana kliniki kila mwezi. Mfuko wake bado anauweka katikati yetu, ila mwezi uliopita alitoa andazi moja ndani yake akanipa. Enoki walimpima, mzima, ana mbavu zako na uongo wako mdogo mdogo. Anaongoza darasa kwa hesabu. Hajauliza bado. Anajua baba yake alikuwa dereva na kwamba alikufa kwa kifua, na akiona lori kubwa anasimama kulihesabu magurudumu.

Nimekaa sana, ngoma za harusi zimekwisha, wanaanza kurudi. Lala salama, Mchungaji. Sikuombi unisamehe kwa kusema. Nikifika huko niulize kwa nini nilichelewa, hilo nitakaa chini nikujibu.

Na kwa kuwa ahadi yako ya kwanza nimeivunja, chukua hii badala yake. Mwanao atasikia, mji huu hauna siri. Sitaacha asikie kwa watoto wenzake. Nitamwambia mimi, akiwa na umri wa kuelewa, kwamba baba yake alimpenda mama yake na hakumdanganya kwa mwanamke yeyote, kwamba alimficha jambo moja tu, na kwamba rafiki yake alilijua jambo hilo akanyamaza. Atakaponiuliza rafiki huyo ni nani, nitamwambia. Sijui kama atanisalimu tena. Nitamwambia hivyo hivyo.

Wako,
Hamisi